Unga wa tefloni kwa pedali ya piano inayonata: uzoefu wangu

Unga huu wa tefloni, yaani kilainishi kikavu, unafanya kazi, mradi ugonjwa wa pedali yako uwe ni msuguano. Kama springi imechoka au feliti (kitambaa kizito cha sufu kilichomo ndani ya piano) imevimba kwa unyevu, utaupaka mpaka chupa iishe na pedali itabaki vilevile.

Nina piano kubwa ya kulala, kuukuu. Pedali yake ya kulia, ile ya kuacha sauti ivume, ilikuwa inakanyagika vizuri lakini inarudi kivivu, noti za nyuma zinaingiliana na za mbele. Kabla ya kupaka chochote nilitafuta kwanza inanatia wapi, maana kutoka mguuni hadi kwenye nyuzi kuna vipande vingi: pedali inasukuma ufito wa chuma, ufito unasukuma wenzo ulio chini ya tumbo la piano, wenzo unainua kijiti kinachopenya ubao wa chini ya kibodi, na kijiti ndicho kinachonyanyua vizima sauti vyote, vile vinavyokaa juu ya nyuzi kuzinyamazisha, kwa pamoja. Nilichomoa ufito nikajaribu kila kipande peke yake kwa mkono. Pedali ilicheza bila shida. Wenzo ndio uliokuwa unasitasita: pini yake ilikuwa imepakwa grisi zamani, na grisi ile imeshikana na vumbi ikawa kama gundi.

Kazi kubwa, basi, ilikuwa kusafisha. Nilifuta pini hadi chuma kikaonekana, ndipo nikapaka unga kidogo kwa brashi ndogo. Wenzo ulirudi papo hapo, na mlio wa kukwaruza ukatoweka pia.

Ninachoupendea ni kwamba ni mkavu: hauloweshi feliti wala ngozi, na hauiti vumbi kama mafuta. Yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu msiyaingize kwenye piano kabisa. Yanatambaa hadi kwenye feliti na mbao, na kuyatoa humo ni balaa. Unga wa grafaiti, waliokuwa wakiutumia mafundi wa zamani, nao unalainisha, ila unaacha weusi kila unapogusa.

Pedali ya kushoto ikinata ni habari nyingine. Hiyo husogeza kibodi nzima pembeni, kwa hiyo sehemu ya kupaka iko chini ya fremu ya kibodi, na ni lazima uivute nje. Ukibonyeza kitufe kimoja tu wakati unaivuta, nyundo yake, ile inayogonga nyuzi, inanyanyuka, inakwama na kuvunjika. Hapo mimi ningemwita fundi bila aibu.

Natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya mdomo wa chupa: ni mpana mno, ukiinamisha kidogo tu unga unamwagika sakafuni, na sakafu inateleza hatari. Tandika gazeti, na usiuvute puani.