Miezi saba kwa Afande: mafunzo ya mbwa wa kutafuta waliopotea, Mtwara

Mwaka juzi mama yangu mkubwa alikwenda kuchimba ming'oko, viazi vya porini, upande wa Nanguruwe akapotea. Si mgeni wa pori lile, amekulia humo. Siku hiyo mawingu yalifunika jua tangu asubuhi, naye alikuwa ameinama akifuata mizizi, na alipoinua kichwa hakujua tena alikotokea. Kijiji kizima kiliingia porini na madebe na filimbi. Siku ya tatu mchoma mkaa akamkuta chini ya mkorosho, midomo imepasuka, yuko hai. Tulipoonyeshwa mahali pale moyo uliniuma, maana jana yake tulikuwa tumepita hatua kama mia tu kutoka hapo. Tulikuwa tunapiga kelele, na yeye hakuwa na sauti ya kuitika.

Ndiyo maana nikampeleka mbwa wangu mafunzo. Naandika haya kwa sababu watu wananiuliza kila siku, wengine hadi kwenye cherehani yangu, kama huduma ile inafaa na kama hela inaenda bure.

Chuma ni mbwa wa kienyeji, dume, rangi ya udongo, ana miaka miwili na nusu. Kabla ya hapo nilimpeleka kwa mtu mwingine mjini aliyejitangaza kuwa ni mwalimu wa mbwa. Wiki mbili tu, mbwa akarudi anajikunyata akiona fimbo ya ufagio. Mbwa anayeogopa watu hawezi kumtafuta mtu. Nilimtoa siku hiyohiyo.

Afande, kama wote tunavyomwita, ni askari mstaafu aliyefanya kazi na mbwa wa polisi. Anafundishia kwenye eneo lake njia ya kwenda Mikindani, lina minazi na mikorosho mikubwa. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwezi, vipindi viwili kwa wiki: Jumatano jioni na Jumamosi saa 12 kamili asubuhi. Siku ya kwanza alidai kwanza kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakumgusa Chuma mpaka alipoiona. Hilo peke yake lilinipa imani.

Nilidhani ataanza na "kaa" na "lala". Alianza na makumbi ya nazi. Aliyakusanya matatu, akayawasha, akatuambia tutazame moshi. Saa ile ya asubuhi moshi ulitambaa chini, ukapita kati ya minazi, ukapanuka kadiri ulivyokwenda mbali. "Harufu ya mtu inakwenda hivyo hivyo," alisema. Mwili unadondosha chembechembe za ngozi muda wote, hata ukiwa umekaa kimya, na upepo unazibeba. Pale kwa mtu harufu ni nyembamba na kali, mbali ni pana na hafifu. Kazi ya mbwa ni kuukata upepo mpaka aguse ukingo wa harufu hiyo, kisha aifuate hadi kwenye chanzo. Saa nne akawasha makumbi mengine. Moshi ukapanda wima kama umevutwa na kamba. Ndipo nikaelewa kwa nini hafundishi mchana, na kwa nini mama mkubwa angetafutwa alfajiri na jioni, si saa saba tulipokuwa tunahangaika juani.

Mazoezi yenyewe yanaanza kama mchezo wa watoto. Mtu anamwonyesha mbwa mpira, anakimbia, anajificha nyuma ya mnazi. Mbwa anaachiwa, akimfikia anapewa mpira wake na shangwe nyingi. Mpira wa Chuma ni soksi kuukuu niliyoijaza vitambaa vya dukani, nikaishona mara mbili, na haoni mpira huo popote ila akimpata mtu. Kisha mtu anajificha bila kuonekana, kisha mbali zaidi, kisha mtu asiyemjua. Mwezi wa tatu Chuma alikuwa anatafuta eneo kama la viwanja viwili vya mpira.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu wa huku tunaliwaza. Mimi ni Mwislamu, na vijana wanaojificha ni Waislamu pia. Wazazi wao walikataa kabisa mbwa awalambe watoto wao, na walikuwa na haki. Afande hakubishana nao. Alimfundisha Chuma asimame hatua mbili kutoka kwa mtu na abweke mpaka mimi nifike, na mpira anarushiwa, hapokei mkononi. Ndoo ya maji na udongo safi viko pembeni kila siku, ikitokea mate yamemgusa mtu anaosha mara saba, moja kwa udongo. Mama yangu hakutaka hata kusikia habari ya mbwa. Shekhe wa mtaani kwetu ndiye aliyemsomea aya ya 4 ya Suratul Maida, inayohalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa. Sasa mama humwekea Chuma maji mwenyewe, kwenye chombo chake.

Tukio lililonifundisha zaidi lilikuwa mwezi wa nne. Kijana alikuwa amejificha mahali nisipopajua. Kusi ilikuwa inavuma. Nilimwongoza Chuma kuelekea kwenye kichaka kikubwa, maana ndiko mimi ningejificha. Katikati ya njia kichwa chake kikageuka ghafla, kama aliyeitwa jina. Pua juu, mkia umekaza, mwili bado unaelekea nilikomvuta. Nikamwita. Akatii. Nikamwita tena alipogeuka mara ya pili. Tulizunguka kile kichaka dakika ishirini bila kitu. Kijana alikuwa upande ule ule ambako Chuma aligeuza kichwa, amelala kwenye shimo la kuchimbia udongo.

Afande hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, pua anayo yeye. Wewe una nini?" Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi tuna milioni tano au sita hivi, na bado nilikuwa namfundisha njia. Tangu siku ile muda mwingi wa kipindi ni mimi ninayefundishwa: kusoma mkia, masikio, jinsi pumzi inavyobadilika, kujua upepo unatoka wapi kwa kumwaga poda kidogo hewani, kukumbuka eneo gani limeshatafutwa. Anayetaka kulipa ili mbwa afundishwe na yeye akae kivulini, asiende kwa Afande.

Kitu kingine nilichokipenda ni namna anavyojali pua ya mbwa. Julai mikorosho ilipoanza kupulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, Chuma alipiga chafya mfululizo, akafuta pua kwenye majani, akakataa kufanya kazi. Mimi nilitaka aendelee. Afande alisimamisha kipindi papo hapo na kwa wiki zote zilizobaki za upuliziaji tukavuka kivuko kwenda Msangamkuu, tukafanya mazoezi kwenye minazi. Nauli za kivuko alilipa yeye.

Sasa yasiyonifurahisha. Ni mkali wa muda kupita kiasi. Jumamosi moja bajaji tatu zilikataa kupakia mbwa, ya nne ikakubali baada ya kutandika gunia, nikafika saa 12 na dakika 40. Lango limefungwa, na hela ya kipindi haikurudi. Niliumia, hasa kwa kuwa nilikuwa nimempigia simu njiani. Mafunzo ya usiku hakuna, na watu wengi wanapotea jioni. Huduma ya kwanza kwa mtu aliyepatikana haifundishwi. Mimi nimejifunza kwa jirani yangu muuguzi. Na zoezi la kifusi tulifanya mara moja tu, kwenye rundo la matofali ya jengo lililovunjwa. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, sote tulitaka zaidi. Afande alijibu kwamba mbwa wa kifusi ni somo jingine, linahitaji mahali salama pa kujengwa makusudi, na hana. Alitutajia panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya pale Morogoro, wanaofunzwa kupenya kwenye nyufa ambazo mbwa hapiti. Jibu ni la kweli, lakini tangazo lake linasema "porini na kwenye kifusi", na hilo neno la pili alitoe.

Alivyotuonya kuhusu kujitolea kutafuta waliopotea ni vizuri kujua kabla hujalipa. Hutoki tu na mbwa wako ukisikia mtu kapotea. Taarifa inaanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, polisi, na Zimamoto na Uokoaji kwa 114, na wewe unasubiri uitwe. Ukifika, unawaomba watu watoke kwenye eneo utakalotafuta, kwa sababu mbwa wa namna hii hatafuti mtu fulani, anatafuta harufu ya binadamu yeyote. Watu sitini wakiwa kichakani, ataleta habari za hao sitini. Nikikumbuka tulivyojazana kule Nanguruwe, najua hata Chuma wa leo asingetusaidia bila kwanza kuwatuliza watu. Na hesabu muda: nchi zenye vikundi vya kujitolea, mbwa huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kukubaliwa. Sisi wa miezi saba bado ni wanafunzi, na Afande hasiti kutuambia.

Kwa vifaa, usinunue ghali. Unahitaji kamba ya mita kumi, maji ya mbwa, filimbi, na mkanda wa kifuani, si kola ya shingoni, kwa sababu akivuta kufuata harufu kola inamkaba. Wa Chuma nimeushona mwenyewe kwa mkanda wa kufungia mizigo, nikaweka kitambaa cha machungwa mgongoni aonekane kati ya majani. Wenzangu wawili nimewashonea pia.

Nimelipa mwezi wa nane. Nilimwomba Afande vipindi vya usiku, mara tatu, na wiki iliyopita amekubali tujaribu kimoja, Ijumaa baada ya Isha, kwa sharti kwamba anayejificha awe mtu mzima. Mama mkubwa kasikia, kajitolea yeye. Amesema atakaa kimya, asiitike, kama siku ile.