Maji ya Gata Mbali na Msingi: Nimejaribu Mabomba Mawili kwenye Nyumba ya Zamani, Tanga

Asalaam aleikum, habari zenu watazamaji wangu. Leo nipo Ngamiani, Tanga, nyumbani kwa shangazi yangu. Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, mabati juu, baraza mbele. Nataka muitazame kona hii ya nyuma. Sogeza kamera hapa chini. Naupitisha ukucha tu, mnaona? Ukuta unamomonyoka kama unga. Na huu weupe ni chumvi, inatoka ndani pamoja na unyevu.

Sasa inua kamera juu. Bomba la gata lilikuwa linamwagia papa hapa. Upande huu wa paa ni mita 10 kwa mita 5, yaani mita za mraba 50. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi ikinyesha milimita 30, na masika ya Tanga mnayajua, ni lita 1,500. Ndoo 75 za lita 20, zote mguuni pa ukuta mmoja.

Shangazi alishauriwa apige plasta ya saruji. Plasta yenyewe hii, imeishia usawa wa kiuno changu, na unyevu umepanda ukatokea juu yake. Kuta za chokaa zinaloa na kukauka zenyewe, na nyumba hii msingi wake hauna tabaka la kuzuia unyevu. Ukiuziba ukuta kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda. Jambo hili linaniuma, maana fedha ya plasta ile ingetosha kabisa kuyahamisha maji.

Haya, mabomba. La kwanza ni hili jeusi la mikunjo, linalopindika upendavyo. Ndilo lililokuwa la bei ya chini dukani, na kulifunga ni kazi ya nusu saa: unalivisha kwenye bomba la gata, unakaza klampu, unalilaza chini mpaka unapotaka maji yafike. Mvua za kwanza lilifanya kazi vizuri, sitalisingizia. Baada ya wiki tatu nikalifungua. Kila mkunjo ulikuwa umeshika mchanga na majani. Katikati, pale ardhi ilipobonyea, bomba nalo lilikuwa limebonyea, maji yametuama, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vinacheza. Hapo ndipo nilipoliondoa. Wajukuu wa shangazi wanalala dirisha hili hapa.

Kama una dharura, mvua ipo njiani na fundi hajapatikana, litakusaidia kwa wiki moja au mbili. Kwa kudumu, silipendekezi.

La pili ni bomba gumu la PVC, inchi 4. Ukienda dukani usiangalie rangi tu, libonyeze kwa mikono miwili. Likijikunja kirahisi ni jembamba mno, ukilifukia litapasuka siku mtu atakapopita na mkokoteni. Hili nililochagua halikubonyea. Nimelitoa mita 4 kutoka kwenye ukuta, limefukiwa, na linamwaga kwenye mtaro wa mtaa.

Mteremko ndio kazi yenyewe. Nimeweka sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mwisho wa bomba uko chini kwa sentimita 8 kuliko mwanzo. Ukiteremsha pungufu ya sentimita 1 kwa mita, mchanga utalala ndani. Kama huna pima maji, chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, mmoja ashike huku na mwingine kule. Mafundi wetu wanapima levo hivyo miaka yote, na maji hayadanganyi.

Sasa hapa nisikilizeni. Fundi wa kwanza aligundisha viungo vyote, mpaka kona ya chini. Mwarobaini ule ukapukutisha majani, yakaziba hapo, na maji yakarudi juu yakafurikia ukutani usiku kucha. Ilibidi tulikate bomba kwa msumeno. Ndiyo maana sasa kiungo hiki cha chini nimekifunga kwa raba, bila gundi. Nakizungusha hivi, kinatoka. Naingiza mkono, natoa majani, narudisha. Juu nimeweka wavu kwenye mdomo wa gata, na bado nafungua kila mwezi.

Kipande kinachobaki nje juani kipakeni rangi, kwa sababu jua linaifanya PVC iwe kavu na rahisi kuvunjika.

Msiyaelekeze maji haya kwenye shimo la choo, litajaa. Wala uani kwa jirani. Hapa nyumba zimebanana, nilienda kwanza kuzungumza na mama wa nyumba ya pili kabla ya kuchimba. Kama hakuna mtaro, chimba shimo la mawe na kokoto, ila liwe mbali, mita 5 kutoka kwenye msingi. Na wenye pipa la kukinga maji, pipa likijaa linamwagikia wapi? Hakikisheni tundu lake la juu nalo limeungwa bomba.

Namwaga ndoo juu ya gata sasa hivi mwone. Twende mtaroni. Hayo, yanatoka, yamebeba jani moja la mwarobaini lililopenya kwenye wavu. Kule ukutani pakavu.

Ukuta wenyewe sijaugusa. Mawe yaliyoloa miaka yote hiyo hayakauki kwa wiki moja. Nataka upite kwanza kiangazi hiki, halafu tuibandue saruji na kurudishia chokaa kabla ya vuli. Nitarudi hapa na kamera mwezi wa tisa.