Uzoefu wangu: kadi ya USB 3.0 ndani ya kompyuta ya mwaka 2010

Kompyuta yangu ya mezani ni Core i3 ya kizazi cha kwanza, ubao mama wake una chipseti ya Intel H55, yaani chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine. Ni mzee wa mwaka 2010, na bado inafanya kazi zangu zote. Nimeshaiongezea RAM, nimeitoa diski ya zamani nikaweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), feni nimebadilisha mara mbili. Kilichobaki kunikera ni matundu ya USB, yote ya 2.0. Kwa hesabu za kitabuni USB 2.0 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, lakini mimi kwa miaka yote hiyo sijawahi kuona zaidi ya 35. Nina folda ya picha na video yenye gigabaiti 180 ambayo huitolea nakala kwenye SSD ya nje. Kila nikianza kazi hiyo, saa moja na nusu imekwenda.

Basi nikanunua kadi ya upanuzi: matundu manne ya USB 3.0, chipu ya kampuni ya Renesas, ya kuchomeka kwenye sloti fupi ya PCI Express (nafasi za kuchomeka kadi kwenye ubao mama), ile yenye njia moja ya kupitishia data. Ukienda kununua usichanganywe na majina. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008, baadaye ikabatizwa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1, na kasi ni ileile ya gigabiti 5 kwa sekunde. Muuzaji anayekwambia kadi yake ya "3.2" ni mpya na ya kisasa zaidi, muulize gigabiti ngapi. Hapo ndipo utajua anauza nini.

Kuifunga ni kazi ya bisibisi moja. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, toa kile kibati cha nyuma, sukuma kadi mpaka ikae, kaza skrubu. Natumia Linux, kwa hiyo sikuhangaika na draiva, programu ya kuutambulisha mfumo kwa kadi; Linux ilianza kuzitambua USB 3.0 mwaka 2009, kabla ya mifumo mingine. Windows inazitambua yenyewe kuanzia Windows 8. Aliyebaki na Windows 7 atafute draiva ya chipu yake mapema, kabla hajafungua kasha.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Kwenye kadi kulikuwa na tundu la umeme, la aina ileile inayotumika kwenye diski za SATA (kiungo cha kawaida cha diski za ndani), nami nikaliacha wazi kwa sababu flashi ilisoma vizuri bila hilo. Siku ya pili nikachomeka diski mbili za nje kwa pamoja. Moja ikaanza kugonga tik, tik, tik, ikapotea kwenye skrini, ikarudi, ikapotea tena. Nikadhani diski imekufa, moyo ukaruka. Kumbe ni njaa ya umeme. Sloti ya PCI Express haitoi volti 5 kabisa. Inatoa volti 12 na volti 3.3, na ile fupi kwenye volti 12 inatoa nusu ampia tu. Hiyo ni wati 6. Kadi ikizishusha kuwa volti 5, unabaki na ampia moja na ushee, ilhali tundu moja la USB 3.0 lina haki ya kudai ampia 0.9. Diski mbili zikiamka pamoja, hakuna cha kugawana. Nikavuta waya wa SATA kutoka pawa saplai, nikachomeka, na mpaka leo sijasikia tena mlio ule. Kadi isiyo na tundu la umeme mimi siinunui, hata kama ni nzuri kwa macho.

Sasa kasi. Nikachomeka SSD ya nje, nikapima usomaji kwa hdparm, programu ya Linux ya kupimia diski: megabaiti 190 kwa sekunde. Kutoka 35 hadi 190, ungedhani ningecheza ngoma. Nilifurahi kwa kama dakika kumi. Halafu nikakumbuka kuwa SSD hiyohiyo kwenye laptopu hupita 400. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu. Nikamlaumu muuzaji kimoyomoyo, nikaanza hata kuandika ujumbe wa kudai nirudishiwe pesa.

Kabla ya kuutuma nikaendesha lspci -vv, amri ya Linux inayoorodhesha kadi zilizomo, na pale kwenye mstari wa LnkSta, unaoonyesha kasi ya kiungo, pakaandikwa 2.5GT/s, ambayo ni kasi ya PCI Express kizazi cha kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa. Kadi yangu ni ya PCI Express kizazi cha pili, ambapo njia moja hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde. Sloti niliyoichomeka ilikuwa inakwenda kwa mwendo wa kizazi cha kwanza, megabaiti 250, na ukitoa gharama za mawasiliano yenyewe unabaki na hizo 190 na kitu. Mbaya zaidi, Intel wenyewe waliziita sloti za chipseti hizi PCI Express 2.0, ila kasi wakaiacha kwenye 2.5. Kijitabu cha ubao mama hakikudanganya, ila nacho hakikusema yote.

Dawa ilikuwa mle mle ndani. Sloti ndefu ya kadi ya picha kwenye mashine yangu ilikuwa tupu, maana picha inatoka kwenye prosesa. Sloti hiyo haipiti kwenye chipseti, inakwenda kwa prosesa moja kwa moja, na ina kasi kamili ya kizazi cha pili. Wengi huogopa kuchomeka kadi fupi kwenye sloti ndefu wakidhani itaunguza kitu. Haiunguzi, inaingia, inatumia njia moja, zile 15 zinakaa tu. Nikahamisha kadi, nikawasha, nikapima: 370. Kadi ileile, kebo ileile, SSD ileile. Ule ujumbe kwa muuzaji nikaufuta.

Lakini nilipokuja kunakili folda yangu ya gigabaiti 180, mwendo ukasimama kwenye 250 hivi. Safari hii sikumtafuta mchawi mbali. SSD ya ndani imeunganishwa kwa SATA ya gigabiti 3, ndiyo iliyokuwepo kwenye H55, nayo kwa kweli haivuki megabaiti 270 au 280. USB imekuwa na kasi kuliko diski inayoilisha! Kwa kunakili kutoka ndani kwenda nje, basi, kuhamisha sloti kulinipunguzia kama dakika tatu: kutoka kumi na tano hadi kumi na mbili. Faida yote ya 370 naiona ninapofungua mradi wa video moja kwa moja kutoka SSD ya nje. Na kama diski yako ya nje ni ile ya kuzunguka, inayosoma megabaiti 110 au 120, usijisumbue na sloti. Hata ile fupi ya kizazi cha kwanza inakutosha.

Hii ndiyo sababu sikununua kadi ya gigabiti 10, ingawa mkono uliniwasha. Nyingi zinataka njia mbili au nne za PCI Express ya kizazi cha tatu. Kwenye mashine yangu ingekaa kwenye sloti ndefu, ingekimbia kwa kizazi cha pili, na sikuwa na hakika kwamba ubao huu ungekubali kuipa hizo njia mbili. Kizazi cha pili kwa njia moja ni 500, hata kadi iwe imeandikwa nini kwenye boksi. Aliye na ubao wa kuanzia kizazi cha tatu na sloti ndefu ya akiba, huyo aitafute.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. BIOS ya 2010, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo, haizijui USB 3.0, kwa hiyo kibodi iliyochomekwa kwenye kadi haifanyi kazi mpaka mfumo uwake, na flashi ya kusakinishia mfumo haionekani kabisa. Kibodi yangu imebaki kwenye tundu la zamani, na flashi za kusakinishia nazichomeka hukohuko.

La pili ni mausi. Ni mausi isiyo na waya, ya gigahezi 2.4, na kipokezi chake nilikichomeka kwenye kadi, jirani na SSD. Kila nikinakili faili kubwa, mshale ulianza kurukaruka kama umekunywa. Nilibadilisha betri, nikasugua meza. Kumbe mawasiliano ya USB 3.0 yenyewe hutoa kelele za redio kwenye masafa hayohayo, na Intel walishaeleza tatizo hili kwenye waraka wao wa mwaka 2012. Nilihamisha kipokezi kwenye tundu la mbele la USB 2.0, mbali na kadi. Mshale ukatulia hapohapo, na betri nilizozitupa zilikuwa bado nzima.