Spika inayosikiliza sebuleni: uzoefu wangu hapa Kigoma

Spika hii inayoamrishwa kwa sauti niliinunua Dar es Salaam na kuiweka sebuleni kwetu Mwanga, mjini Kigoma, ili iwashe taa, ipige muziki na kunisomea habari za asubuhi. Kazi hizo inazifanya vizuri, isipokuwa Kiswahili haikijui, na mama mkwe huitazama kama mgeni asiyesalimu.

Kinachonikera ni sikio lake. Kifaa cha aina hii husubiri neno la kukiamsha, ndipo kianze kurekodi na kupeleka sauti kwenye seva za kampuni kupitia intaneti. Lakini kikidhani tu kwamba kimelisikia, huamka vilevile. Nilipofungua programu yake kwenye simu na kupitia sauti zilizohifadhiwa, nilikuta, katikati ya amri za kuzima taa, kipande cha kikao cha wazee wa ukoo waliokuja kusuluhisha mgogoro wa shamba la michikichi: baba mdogo anataja nani apewe upande upi, na hata kikohozi chake kinasikika. Hakuna aliyewaomba ridhaa wazee wale, na sidhani kama walijua kwamba kile kidude kando ya televisheni kina maikrofoni.

Wasiwasi huu haukuanzia Kigoma. Mwaka 2019 ilibainika kuwa Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu wa kusikiliza baadhi ya rekodi za wateja kwa maelezo ya kuboresha huduma, na mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani katika shauri lililohusu sauti za watoto zilizohifadhiwa kupitia Alexa, msaidizi wake wa sauti. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ingawa baba mdogo, ambaye hana akaunti wala hajui kama amerekodiwa, ataanzia wapi kulalamika?

Kitufe cha kuzima maikrofoni kipo, na nikiri kwamba kinafanya kazi: taa nyekundu huwaka na kifaa hakiitiki tena. Kufuta rekodi ndiko kulikonisumbua, kwa kuwa sehemu hiyo imefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Sasa nimeihamishia spika chumbani, wasikofika wageni. Anayeishi peke yake ataifurahia. Nyumba inayopokea mashauri ya watu ibaki na swichi za ukutani. Na anayenunua iliyotumika ahakikishe muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake, la sivyo mazungumzo ya nyumba mpya yanaweza kuishia kwenye simu ya mwenye spika wa zamani.