Duka la samaki wa mapambo Kirumba, Mwanza, mzee alikataa kuniuzia dawa ya maji

Nimesubiri wiki tatu ndo naandika hii, nilitaka nione kwanza maji yanabaki safi au yanachafuka tena. Yamebaki safi, unaona mpaka kokoto za nyuma kabisa.

Nilinunua tenki la lita 60 kwa ajili ya wanangu, changarawe nilizisuuza mpaka maji yakatoka safi, nikajaza maji ya bomba nikaweka gapi (samaki wadogo wa mapambo) saba siku hiyohiyo. Siku ya tatu naamka nakuta maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Nikamwaga yote nikajaza mapya, baada ya siku mbili yakarudi vilevile, nikamwaga tena, yakarudi tena. Duka moja la mjini wakaniuzia kichupa cha kung'arisha maji, usiku ule yakang'aa kweli, kesho yake jioni weupe umerudi na samaki wote wako juu wanahema midomo nje. Wawili wakafa. Mwanangu mdogo alilia mpaka akagoma kula.

Jirani ndo akanielekeza kwa huyu mzee, ana fremu ndogo tu Kirumba, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwonyesha video kwenye simu nikamwambia nataka dawa kali zaidi. Hakunipa. Akaanza kuuliza, tenki lina siku ngapi, unawalisha mara ngapi, maji unayaacha yalale kwenye ndoo au unamimina moja kwa moja toka bombani. Nikamjibu kwa siku mara tatu, na maji namimina moja kwa moja. Akasema hapo hapo, ule weupe ni bakteria, wamezaliana kwa wingi sababu tenki ni jipya na chakula kinabaki kinaoza, na wao wanakula hewa ya kwenye maji ndo maana samaki wanapanda juu. Wale bakteria wazuri wa kula amonia, ile sumu ya mavi ya samaki, wanakua taratibu sana, wiki 4 mpaka 6, wanakaa kwenye sponji na kwenye mawe, kwa hiyo kila nilipomwaga maji yote na kusugua mawe kwa maji ya bomba yenye klorini nilikuwa nawaua naanza moja. Yaani kazi yote niliyojisifia nayo ndo ilikuwa inaniharibia.

Nilirudi na chupa ya maji ya tenki akayapima amonia kwa matone, yakawa kijani, akasema yangekuwa njano ndo salama. Akaniuzia filta ya sponji na pampu ya hewa, jumla elfu 40, na kivali kidogo cha kuzuia maji yasirudi kwenye pampu umeme ukikatika (kwangu unakatika sana, nashukuru alikumbuka). Halafu akachukua sponji ya kwenye tenki lake la zamani akaikamua kwenye mfuko nikaondoka na yale maji machafu ya kahawia, bure, nikamimine kwangu. Niliogopa kusema kweli, ila nikamimina.

Masharti aliyonipa: siku mbili usilishe kabisa, baadae kiasi kidogo mara moja kwa siku kinachoisha ndani ya dakika mbili, badilisha robo ya maji tu kwa yale yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima, na sponji ukiiosha oshea kwenye maji uliyotoa kwenye tenki, bombani usipeleke. Nikamuuliza vipi nikichota ziwani, akakataa katakata, konokono wa kichocho utawaleta ndani kwa watoto.

Siku ya sita maji yakatakata. Gapi watano wote wazima.

Mapungufu yapo. Duka halina muda maalum, nimeshakuta limefungwa mara mbili mchana kweupe, pampu inanguruma kiasi kwamba chumbani huwezi kuiweka, na vile vipimo vya matone hauzi, mpaka umpelekee yeye. Samaki pia hana aina nyingi. Ila nyuma ana tenki la furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, mmojawapo yule mwenye mgongo mwekundu ambaye jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, anaishi kwenye miamba ya hapa hapa Mwanza, na mzee anasema maji ya ziwa yakiwa na tope majike hawaoni vizuri rangi za madume wanachanganya. Nilisimama pale kama nusu saa naangalia tu.

Nampa nyota nne na nusu. Ukienda beba maji yako kwenye chupa ambayo haijawahi kuwekwa sabuni, nusu lita inatosha, na nenda kabla ya saa nne asubuhi ndo utamkuta.