Inua Sakafu ya Buti Kwanza: Vitz, Aqua, Demio, Fit na Note kwa Barabara Zetu

Wasomaji wa Kakamega, Kisumu na hapa Nakuru wameniletea malalamiko yanayofanana mno hivi kwamba ni afadhali niyajibu kwa pamoja. Wote walinunua gari dogo la milango mitano lililotoka Japani; wote waliulizia injini, unywaji wa mafuta na bei ya kuliuza baadaye; na wote waligundua wakiwa barabarani, wengine usiku, kwamba gari halina tairi la spea. Kuhusu mafuta na injini sitasema mengi, maana fundi yeyote na dereva yeyote wa teksi atakueleza bila kuombwa mara mbili. Magari haya nitayapanga kwa swali moja tu: tairi likipasuka kati ya Mau Summit na Kericho, je, gari lina kitu cha kukufikisha nyumbani?

Watengenezaji wa Japani waliliondoa tairi la spea katika magari mengi ili kupunguza uzito na kuongeza nafasi, na mahali pake wakaweka chupa ya dawa ya kuziba pancha pamoja na kompresa ndogo inayochomekwa kwenye tundu la umeme la dashibodi. Kwao jambo hilo lina maana, kwa sababu barabara ni laini na msaada huja upesi. Dawa hiyo huziba tundu la msumari lenye upana wa milimita 4 hivi, tena likiwa kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga lami. Tairi likichanika ubavuni, dawa haisaidii hata kidogo, na barabara zetu huchana mbavu za matairi kuliko zinavyotoboa nyayo zake, kwa kuwa adui hapa ni ukingo wa lami uliomeguka na shimo lenye makali lililojaa maji ya mvua. Isitoshe, chupa hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika hadi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo chupa nyingi huwa zimeshapitwa na wakati kabla hata meli haijatia nanga Mombasa.

Binamu yangu, ambaye ni muuguzi, aligonga shimo la namna hiyo karibu na njia panda ya Londiani yapata saa tatu usiku. Tairi la mbele kushoto lilichanika ubavuni, mpasuko wa kuingia vidole viwili. Alishusha magunia ya viazi vya Molo yaliyojaa nyuma, akainua zulia na ubao wa sakafu, akakuta kisahani cha povu jeupe kilichochongwa kulingana na umbo la chupa. Lebo yote ilikuwa ya Kijapani, isipokuwa tarakimu za tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa imepita zamani. Jeki haikuwepo, wala spana ya magurudumu, kwa sababu gari linalokuja na chupa mara nyingi haliji na jeki. Alipompigia simu aliyemuuzia, alijibiwa kwa upole: "Madam, hayo magari huja hivyo." Hayo yalikuwa kweli, lakini ilimpasa kuyasema siku ya mauzo.

Nasema wazi kwamba ninaipendelea Toyota, na kwa kigezo hiki Vitz ndiyo ya kwanza. Nazungumzia kizazi kilichotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010 hadi mwanzoni mwa 2020, wakati jina la Vitz lilipoachwa na gari likaanza kuitwa Yaris hata nchini Japani. Chini ya sakafu ya buti kuna shimo la gurudumu, na nyingi nilizozifungua zilikuwa na tairi jembamba la dharura, jeki na spana. Hata ile iliyokuja na chupa ni rahisi kuirekebisha, kwani rimu yake ina nati nne kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati ni milimita 54.1, na tairi la 165/70R14 linapatikana kuanzia Gilgil hadi Busia. Vitz zimejaa mtaani, kwa hiyo ukikwama Luanda au Chavakali, huenda mwenye gari kama lako yuko hatua chache kutoka hapo. Kama unapanda Mau mara kwa mara na gari limejaa, chukua ya lita 1.3 yenye silinda nne, uwaachie wa mjini ile ya lita moja yenye silinda tatu.

Aqua naiweka ya pili, kwa sharti moja. Ni gari la haibridi lenye sifa nzuri sana ya mafuta, lakini Aqua mbili za mwaka mmoja zinaweza kusimama sambamba yadini, moja ikiwa na tairi jembamba na nyingine ikiwa na chupa. Usikubali kuambiwa kwamba "Aqua zote zina spea". Sharti ni kuiona kwa macho. Ukilazimika kubeba gurudumu zima ndani, kumbuka kwamba betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na huvuta hewa ya kuipoza kupitia tundu lililo kando ya kiti hicho. Mzigo ukiliziba tundu hilo, au vumbi likilijaa, betri hupata joto na huchakaa mapema, na gharama yake haifanani na ya tairi hata kidogo.

Demio ya kizazi cha mwaka 2014 na kuendelea ningeipenda zaidi kama Mazda isingeiletea soko la Japani chupa badala ya tairi. Gia boksi yake ya otomatiki ina gia 6 halisi, si ya mkanda (CVT), nayo hutulia vizuri mlimani. Habari njema ni kwamba nati zake, duara lake na tundu la katikati vinalingana na vya Toyota. Hata hivyo, usichukue gurudumu la Vitz ukadhani umemaliza kazi. Demio nyingi huvaa 185/65R15, ambalo kimo chake kinalizidi lile la Vitz kwa zaidi ya sentimita tatu, na tofauti hiyo kwenye ekseli inayosukuma gari huisumbua gia boksi. Tafuta rimu ya inchi 15, kisha upime kina cha shimo la buti kabla ya kulipa.

Kuhusu Honda Fit nina maneno mengi, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa sifa za nafasi. Sifa hizo ni za kweli: tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo makalio ya kiti cha nyuma hunyanyuliwa na baiskeli ikasimama wima ndani. Lakini Fit ya haibridi ya kuanzia 2013 ina betri chini ya sakafu ya buti, mahali hasa ambapo gurudumu lingekaa, na kwa hiyo sitamshauri mtu wa safari ndefu kuinunua. Ile ya petroli pekee ina nafasi ya tairi jembamba. Tahadhari iko kwenye nati. Nati za Honda zina kitako cha mviringo kama mpira, ilhali rimu nyingi za Toyota zinataka kitako chenye umbo la koni. Ukizichanganya, nati huonekana imekaza kumbe imeshika ukingo tu, na baada ya mwendo hulegea. Tena kitovu cha Honda, kile kinachoingia kwenye tundu la katikati la rimu, ni milimita 56.1, hivyo rimu ya Toyota isiyochongwa haiingii sawasawa. Nimemwona fundi akiilazimisha kwa nyundo huku mwenye gari akimshukuru. Usikubali.

Nissan Note ina nafasi kubwa ya miguu nyuma, lakini kitovu chake ni milimita 60.1 na nyuzi za nati zake ni laini zaidi kuliko za wengine, kwa hiyo ni rimu na nati za Nissan tu zitakazokufaa. Passo na March ni za bei nafuu na zinatosha kwa safari za Milimani hadi sokoni. Kati ya hizo mbili, chukua Passo, kwa kuwa rimu zake ni za familia ya Toyota.

Sasa wauzaji. Kuna magari yanayotoka Japani yakiwa na kila kitu na kufika yadini yakiwa matupu. Picha za mnadani zinaonyesha tairi, jeki na spana. Mnunuzi akifika, anakuta shimo tupu lililofunikwa zulia safi. Kila mtu humlaumu mwingine: bandari, dereva aliyelileta, mlinzi. Kisha mnunuzi huyo huyo huelekezwa duka la jirani akanunue jeki iliyotumika. Jambo hili linaniudhi kwa sababu ya kodi. Gari lenye injini isiyozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 20 juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru huo, VAT ya asilimia 16 juu ya yote, pamoja na ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2. Ukizijumlisha, zinafika zaidi ya asilimia 90 ya thamani iliyokadiriwa. Mnunuzi amelipia gari zima karibu mara mbili, na jeki yake imo ndani ya malipo hayo. Kumwondolea ni kumwibia.

Kwa hiyo, ukiagiza mwenyewe, dai picha ya buti sakafu ikiwa imeinuliwa kabla ya kutuma pesa. Ukinunua yadini, tairi la spea, jeki na spana viandikwe kwenye mkataba wa mauzo, au bei ipunguzwe kwa gharama ya rimu na tairi. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi hilo: 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018, na mpira uliozeeka hupasuka hata kama haujawahi kukanyaga barabara. Tairi jembamba hutiwa upepo wa psi 60, si 30 kama mengine, na halivuki kilomita 80 kwa saa. Mwisho, mwambie muuzaji alegeze nati za magurudumu yote manne kwa spana ya gari lenyewe mbele yako, kwa kuwa zile zilizokazwa kwa mashine ya upepo mara nyingi hazifunguki kwa spana hiyo fupi, kisha azikaze upya kwa mkono kabla hujalipa salio.