OpenSecrets kwenye mizani: namna ya kusoma fedha za kampuni kubwa katika siasa za Marekani

Anayetaka kujua kampuni kubwa zinavyopenyeza mkono serikalini Marekani hana pa kuanzia pazuri kuliko tovuti ya OpenSecrets. Kuisoma ni bure, na nyuma yake kuna kazi ya miaka mingi. Lakini jumla ya dola inayokaa juu ya kila ukurasa, ile inayonukuliwa magazetini na kusambazwa mitandaoni, ndiyo sehemu yake dhaifu kuliko zote. Utajiri umelala chini zaidi, kwenye fomu ambazo wasomaji wengi hawazifungui.

Shirika lenyewe liliundwa mwaka 1983 na maseneta wawili wastaafu, Frank Church wa chama cha Democratic na Hugh Scott wa Republican. Tovuti ilifuata mwaka 1996. Mwaka 2021 shirika liliungana na taasisi iliyokuwa ikifuatilia fedha za siasa katika majimbo, ndipo likachukua jina la OpenSecrets. Licha ya jina hilo, halichimbui siri. Linachota taarifa ambazo sheria inalazimisha zitangazwe: michango ya uchaguzi inayoripotiwa kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, na ripoti ambazo washawishi wa kulipwa (lobbyists), yaani wanaolipwa kuwashawishi wabunge na maofisa wa serikali, huzipeleka Seneti na Baraza la Wawakilishi. Linachoongeza ni usafi. Majina husawazishwa, kampuni tanzu huunganishwa na kampuni mama, na kila mchangiaji hupewa msimbo wa sekta yake. Aliyewahi kushika data ghafi ya FEC anaijua thamani ya kazi hiyo, maana mchangiaji hujiandikia mwenyewe jina la mwajiri wake, na mwajiri mmoja hutokea humo kwa tahajia za kila namna.

Ukurasa wa michango ndio unaozua makosa mengi. Tangu Sheria ya Tillman ya mwaka 1907, kampuni imekatazwa kumpa mgombea wa ngazi ya shirikisho fedha kutoka kwenye hazina yake. Inakuwaje basi kampuni ionekane imetoa mamilioni? Jumla ile ni mchanganyiko. Ndani yake zimo fedha za kamati ya kisiasa ya kampuni, yaani PAC, inayochangiwa kwa hiari na watu kama mameneja na wanahisa. Imo pia michango binafsi ya wafanyakazi waliotoa zaidi ya dola 200. Mhandisi akimpa mgombea anayempenda dola 500, kiasi hicho huingia chini ya jina la mwajiri wake, hata kama mwajiri anamuunga mkono mgombea mwingine. Ndiyo sababu hata vyuo vikuu huweza kuonekana kama vigogo wa siasa.

Dawa yake iko palepale: tazama safu zinazotenganisha watu binafsi na PAC. Fedha za PAC ndizo zinazopangwa na uongozi wa kampuni. Kikomo ni dola 5,000 kwa mgombea kwa kila uchaguzi, na mchujo huhesabiwa mbali na uchaguzi mkuu, kwa hiyo dari ya kawaida ni dola 10,000. Kwa ukubwa huo kiasi hakikuambii jambo kubwa. Kinachoambia ni orodha ya wapokeaji: nani anakaa kwenye kamati ya bunge inayosimamia biashara ya kampuni hiyo, nani amekuwa mwenyekiti, na kama hundi zilianza kwenda kwake baada ya kukabidhiwa kiti hicho. Kampuni inayozigawia pande zote mbili hundi zinazolingana hainunui itikadi ya chama. Inahakikisha mlango utafunguliwa kwake, yeyote atakayeshinda.

Sehemu ya ushawishi ndiyo inayoipa tovuti hii heshima yake. Sheria ya mwaka 1995, iliyokazwa mwaka 2007, inamtaka mshawishi wa kulipwa ajisajili ndani ya siku 45, na ripoti ziwasilishwe kila robo mwaka kwa fomu iitwayo LD-2. OpenSecrets imepanga ripoti hizo kuanzia mwaka 1998. Tafuta jina la kampuni, chagua mwaka, shuka hadi kwenye orodha ya ripoti, kisha ufuate kiungo cha fomu yenyewe. Hapo ruka kiasi cha fedha kwanza uende moja kwa moja mstari wa 15.

Mstari wa 15 una msimbo wa mada kwa herufi tatu: TAX kwa kodi, DEF kwa ulinzi, na kadhalika. Mstari wa 16 ndio kiini, kwa kuwa hutaja mambo mahususi, mara nyingi kwa namba ya muswada. Mstari wa 17 unataja vyombo vilivyofikiwa: Seneti, Baraza la Wawakilishi, wizara, mamlaka. Mstari wa 18 una majina ya washawishi na vyeo walivyowahi kushika serikalini. Soma mistari hiyo minne kwa robo kadhaa mfululizo na utaona jambo ambalo jumla ya dola haiwezi kukuonyesha: ni lini kampuni ilihamisha nguvu kutoka bungeni kwenda kwenye wizara inayoandika kanuni za sheria iliyokwisha kupitishwa. Ni kwenye kanuni hizo kampuni inaweza kurudishiwa kimyakimya kilichonyimwa bungeni, na kamera za televisheni zimeshaondoka.

Namba za miswada zina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba kila Kongresi, yaani kila kipindi cha miaka miwili cha bunge la Marekani, namba huanza upya. H.R. 1 ya Kongresi ya 117 ilikuwa muswada wa haki za kupiga kura na maadili ya uongozi, H.R. 1 ya Kongresi ya 119 ni sheria kubwa ya kodi na matumizi ya mwaka 2025. Wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu namba ileile inaweza kubeba sheria mbili ndani ya Kongresi moja. H.R. 5376 ilipita Baraza la Wawakilishi Novemba 2021 kwa jina la Build Back Better Act, kisha Seneti ikaubadilisha muswada huo na kuupitisha Agosti 2022 kama Inflation Reduction Act, sheria iliyoipa Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo wanufaika wake wengi ni wazee, uwezo wa kujadili bei za baadhi ya dawa. Anayetafuta kampuni za dawa kwa namba hiyo bila kutazama tarehe ya ripoti atachanganya mapambano mawili tofauti. Soma jina la sheria lililoandikwa kando ya namba, na kama halipo, linganisha robo ya ripoti na tarehe za muswada.

Vyeo vya mstari wa 18 vinadai subira. Mara nyingi cheo cha zamani hutajwa pale mshawishi anapoorodheshwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mteja huyo, na ripoti za baadaye huacha nafasi wazi. Ukikuta pengo, usiandike kwamba hajawahi kufanya kazi serikalini. Rudi kwenye fomu ya usajili, LD-1. OpenSecrets ina sehemu maalumu inayofuatilia watu wanaovuka kutoka ofisi za umma kwenda kampuni za ushawishi na kurudi, na hapo inafanya kazi ambayo msomaji peke yake asingeimudu.

Sasa fedha. Kampuni inayotumia washawishi wake wa ndani huandika matumizi yake kwenye mstari wa 13, na matumizi hayo tayari yanajumuisha malipo kwa kampuni za ushawishi ilizokodi. Kampuni zilizokodiwa nazo huripoti malipo hayohayo kama mapato, mstari wa 12. Anayejumlisha fomu zote alizozipata amehesabu fedha moja mara mbili. OpenSecrets huliepuka kosa hili. Aliyejipakulia data kutoka Seneti lazima aliepuke mwenyewe. Vilevile ripoti iliyorekebishwa huchukua nafasi ya ile ya awali, haiongezwi juu yake.

Kuna kisanduku kwenye mstari wa 14 ambacho hata waandishi wazoefu hukipita. Kampuni inaruhusiwa kuchagua njia ya kuhesabu matumizi: kwa tafsiri ya sheria ya ushawishi au kwa tafsiri ya sheria ya kodi. Njia ya kodi huingiza pia ushawishi wa ngazi ya majimbo na kampeni za kuhamasisha umma, ambavyo njia ya kwanza haivihesabu. Kwa hiyo kampuni mbili zenye juhudi sawa zinaweza kuonyesha tofauti kubwa kwa sababu ya alama moja ya vema. Usizilinganishe kabla ya kutazama kisanduku hicho. Kumbuka pia kwamba kiasi hukadiriwa hadi dola 10,000 iliyo karibu, na kilicho chini ya dola 5,000 huwekewa alama tu bila tarakimu.

Yanayokosekana ni mengi, na lawama kubwa ni ya sheria. Fomu haitaji mbunge aliyekutana na mshawishi. Haisemi kama kampuni iliunga mkono muswada au iliupinga. Asiyetumia angalau asilimia 20 ya muda wake wa kazi kwa mteja katika ushawishi hahesabiwi kuwa mshawishi wa mteja huyo, kwa hiyo mshauri mwenye jina kubwa anayepiga simu chache nzito hapatikani popote. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Citizens United, Januari 2010, kampuni inaweza kutumia hazina yake kwenye matangazo ya uchaguzi yasiyoratibiwa na mgombea, na ikipitishia fedha hizo kwenye shirika lisilo la faida ambalo halilazimiki kutaja wachangiaji, njia inakatika. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba sheria ya mwaka 1938 inayohusu mawakala wa serikali za kigeni inadai orodha ya waliofikiwa pamoja na tarehe. Yaani Marekani inajua namna ya kuuliza swali hilo, haiziulizi kampuni. Ripoti za mawakala hao nazo zimo OpenSecrets, na inafaa kufungua chache uone fomu yenye meno inavyofanana.

Rejista ya Uwazi ya Umoja wa Ulaya inaziba sehemu ya pengo hilo. Makamishna wa Tume ya Ulaya na maofisa wao wa ngazi za juu huchapisha mikutano yao na washawishi, kwa tarehe na mada. Udhaifu wake uko kwenye fedha, kwani kampuni hutaja kiwango cha kati ya kiasi hiki na kile, nayo hujijazia yenyewe. Rejista huonyesha taarifa za sasa. Za nyuma utazipata kwenye tovuti ya LobbyFacts, ambayo imehifadhi matoleo ya zamani. Kampuni inayofanya kazi pande zote mbili za Atlantiki ichunguzwe kote kuwili: mada unaisoma kwenye mstari wa 16, mikutano unaipata Brussels, kwenye rejista ya Umoja wa Ulaya.

Upande wa mapungufu ya OpenSecrets yenyewe, kila kitu ni kwa Kiingereza, na mfumo wake wa kuziruhusu programu nyingine kuchota data ulifungwa Aprili 2025, hivyo zana nyingi za zamani zilizoutegemea hazifanyi kazi. Anayeandika programu atumie mfumo wa Seneti, akijua kwamba usafi wa majina atalazimika kuufanya mwenyewe. Kwa mwandishi wa habari, mwalimu au mwanaharakati anayechunguza kampuni moja moja, tovuti bado inatosha.

Ripoti za robo huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya Aprili, Julai, Oktoba na Januari, na marekebisho huendelea kuingia baada ya hapo. Subiri wiki chache kabla ya kutangaza jumla yoyote. Unaponukuu, hifadhi nakala ya fomu ya Seneti pamoja na kiungo chake, kwa sababu ukurasa wa muhtasari hubadilika marekebisho yanapoingia, na tarakimu uliyoiona leo huenda usiikute mwezi ujao.